Mrejesho: riba ya deni la hukumu, 12% au 7%?

Wakuu, niliuliza hapa kama riba ninayodaiwa imehesabiwa sawa kwenye deni la dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza: shilingi 24,000,000. Tuzo (amri ya mahakama inayotokana na hukumu) iliandika riba ya 12% tangu siku ya hukumu, na kwenye hesabu ya kukazia hukumu (yaani kuitekeleza) miaka miwili ikazaa 6,105,600.

Makosa yalikuwa mawili, na kila moja lina mlango wake.

La kwanza, riba juu ya riba. Mwaka wa pili 12% ilipigwa kwenye 26,880,000, si 24,000,000, hapo ikaongezeka 345,600. Tuzo haikusema hivyo, basi pingamizi lilipelekwa kwa mahakama ileile inayokaza hukumu, na jedwali la ukurasa mmoja. Limerekebishwa.

La pili ni kiwango chenyewe. Amri ya 20, kanuni ya 21 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inaweka 7% kwa mwaka. Zaidi ya hapo, mwisho 12%, ni kwa makubaliano ya maandishi au ridhaa. Hapa hayakuwepo. Ila anayekaza hukumu hawezi kuigeuza tuzo (nilikuwa nabishana na karani bure), kwa hiyo hilo limekwenda kwa rufaa. Kwa 7% riba ni 1,680,000 kwa mwaka, yaani 4,603 kwa siku.

Na rufaa peke yake haimzuii dalali wa mahakama kukamata mali. Ombi la kusimamisha utekelezaji limewekwa kando yake.