Maple Leafs mmetuchosha: mechi ya saba tena, nyumbani tena, 6-1

Wakuu, salaam.

Nilijizuia tangu Mei 2025. Nilisema ngoja hasira zipoe, nisije nikaporomosha matusi mods wakanifungia. Lakini mwisho wa Juni Mitch Marner, mshambuliaji wetu, kaondoka kwenda Las Vegas, na hasira zote zimerudi, tena na riba juu. Kwa hiyo leo namwaga. Wale wa "hoki ya barafuni inatuhusu nini sisi" wapite kimya kimya. Ukikaa Toronto, hii timu huikwepi: kwenye basi, kwa kinyozi, kazini, kote ni Leafs tu.

Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki, mara ya mwisho walilibeba 1967. Mwaka wa Azimio la Arusha, wakuu! Ligi nzima wakati huo ilikuwa na timu 6. Leo ziko 32, na hawa jamaa hata nusu fainali hawajaiona tangu 2002.

Kinachoniuma ni jinsi walivyotudanganya vizuri msimu wa 2024-25. Kocha mpya, Craig Berube, mtu aliyewapa St. Louis kombe 2019. Nahodha mpya, Auston Matthews. Mechi 82, ushindi 52, pointi 108, vinara wa divisheni ya Atlantic. Mchujo ukaanza, wakamtoa jirani yao Ottawa kwa mechi 6. Raundi ya pili wakakutana na Florida Panthers, bingwa mtetezi, wakampiga mechi mbili za mwanzo. Anayetangulia kufikisha ushindi wa nne ndiye anayesonga, sasa wewe una mbili mkononi. Kazini kwetu watu walishaanza kupanga watasimama barabara gani siku ya maandamano ya kombe.

Mechi ya tatu wanaongoza 3-1, wanaachia, Brad Marchand anawamaliza kwenye muda wa nyongeza. Ya nne wanalala 2-0. Ya tano, nyumbani, 6-1. Halafu, kwa sababu hawa watu hawana huruma, ya sita wanakwenda Florida wanashinda 2-0, Matthews anafunga, kipa Joseph Woll hapitishi kitu. Yaani wanakurudishia roho ili waje kuitoa vizuri.

Sasa mimi ni mwana Simba. Jumamosi ile tarehe 17 Mei Mnyama kapigwa 2-0 kule Berkane, fainali ya Shirikisho, mkondo wa kwanza. Nikajifariji: kesho kuna Leafs. Jumapili nikapika pilau, nikamwita jirani yangu mmoja Mkongomani wa Goma. Huyu bwana kabla ya kuhamia huku alikaa Montreal, kwa hiyo ni shabiki damu damu wa Canadiens, timu ya kule, anakuja kwangu kula na kunikejeli.

Kipindi cha kwanza 0-0, Leafs wanakimbia vizuri, wanapiga mashuti. Jirani katulia, anachambua nyama. Kipindi cha pili kikaanza. Seth Jones wa Florida, moja. Anton Lundell, mbili. Jonah Gadjovich, tatu. Nilikuwa nimenyanyua kijiko, sikukifikisha mdomoni. Kamera ikaenda kwenye benchi la Leafs, Marner anawafokea wenzake, anapiga kelele kama mtu anayeamsha watoto wa shule. Kaka, mechi ya saba, dakika hiyo, ndiyo unaamsha watu?

Kipindi cha tatu Max Domi akarudisha moja. Nikasimama. Haikupita hata dakika, Luostarinen akaweka ya nne. Nikakaa. Ikaenda hivyo hivyo mpaka 6-1, na ya sita, kwenye goli tupu baada ya kipa wetu kutolewa ili aongezwe mshambuliaji, kaifunga nani? Marchand. Huyu mtu ameshacheza mechi 5 za saba dhidi ya Leafs, nne akiwa Boston na hii moja na Florida, na zote 5 kashinda. Uwanjani mashabiki wanarusha jezi barafuni. Jirani kanawa mikono taratibu, ananiambia, "Yaya, nilikuambiaka," yaani kaka, nilikuambia. Na kweli aliniambiaga, maana 2021 hao hao Leafs walikuwa wanaiongoza Montreal mechi 3-1 wakatolewa.

Hesabuni wenyewe: 2018, 2019, 2021, 2022, 2024, 2025. Mechi ya saba mara 6 katika zama za Matthews na Marner, wamepoteza zote 6. Hapo hujaweka ile ya tano na ya mwisho dhidi ya Columbus 2020. Kuna watu humu wataniletea habari ya kipa Anthony Stolarz kupigwa kiwiko cha kichwa na Sam Bennett mechi ya kwanza, waamuzi wakapeta. Ni kweli, ilikuwa ni uhuni. Lakini Woll aliyeingia badala yake siye aliyetuangusha. Tatizo ni wale waliobeba pesa.

Dari la mishahara la timu msimu ule lilikuwa dola milioni 88. Matthews 13.25, Nylander 11.5, Tavares 11, Marner 10.9. Watu wanne, zaidi ya nusu ya mfuko! Waliobaki wanagawana makombo, halafu mnashangaa Florida ina mistari minne (makundi ya washambuliaji wanaopokezana) inayofunga, nyie mna mmoja na nusu. Matthews mechi zote 7 na Florida kafunga goli 1. Najua alicheza na majeraha mwaka mzima. Basi mwambieni akae, tujue moja.

Baada ya hapo rais wa klabu Brendan Shanahan kapewa mkono wa kwaheri baada ya miaka 11. Marner, aliyeongoza timu kwa pointi 102 (magoli na pasi za magoli), kasaini Vegas miaka 8, dola milioni 96. Sisi kwa kubadilishana tumepata Nicolas Roy. Simchukii Marner, kazaliwa na kukulia pembeni tu ya Toronto na wamemtukana kupita kiasi. Ila kuondoka kwake hakujibu swali langu: nani kule juu anaumia timu ikitolewa? Uwanja unajaa washinde wasishinde. Mwenye duka asiyekosa wateja atafagia kwa ajili gani?

Na wenye Tampa Bay yenu na Edmonton yenu msinijie hapa na ushauri wa kuhama timu. Mke wa mtu hanihusu.

Ninachotaka ni kimoja. Nauza jezi ya Marner, namba 16, saizi L, ya bluu, imefuliwa mara mbili, ina doa dogo la pilau kifuani. Aliyeko Toronto aje PM, bei maelewano.