Mashine ya kufulia imegoma, duka linanirusha kiwandani

Wapendwa, salaam kutoka Leipzig, Ujerumani.

Mwezi wa tatu tulinunua mashine ya kufulia dukani, mpya. Sasa ni mwezi wa kumi na moja na imegoma: maji inajaza, kuzunguka haizunguki. Nina watoto watatu, nguo zimejaa bafuni. Nilipokwenda dukani, kijana wa kaunta akaniambia hiyo ni garantii ya kiwanda, nipige simu huko. Risiti nayo siioni, ila nililipa kwa kadi. Mwenye kujua anisaidie tafadhali.

Mdogo wenu, Leipzig

——

Mdogo wangu, pole sana na watoto. Kiwandani usipige kwanza. Jibu hilohilo niliwahi kupewa mimi kwa jokofu, nikaondoka kimya na kumlipa fundi kwa pesa zangu. Mpaka leo inaniuma, maana haki ilikuwa yangu na sikuijua.

Kuna mambo mawili ambayo watu wa kaunta huyachanganya. Garantie ni ahadi ya hiari, mara nyingi ya kiwanda, na masharti wanajipangia wenyewe. Gewährleistung ni sheria, imo ndani ya BGB, yaani sheria ya madai ya Ujerumani, na inambana aliyekuuzia. Pesa ulilipa dukani, kwa hiyo duka ndilo likujibu. Kwa kitu kipya wajibu huo unadumu miaka 2 tangu ulipokabidhiwa.

Miezi yako 8 ndiyo nguvu yako. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 12 ya mwanzo, sheria inahesabu kwamba ilikuwapo tangu siku ya kwanza, na duka likibisha, lithibitishe lenyewe. Zamani ilikuwa miezi 6. Imeongezwa kwa vitu vilivyonunuliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2022. Miezi hiyo 12 ikishapita, kuthibitisha kunakuwa juu yako, na hapo utahitaji mtaalamu. Basi usikawie.

Risiti isikukoseshe usingizi. Taarifa ya benki yenye malipo yale inatosha kuonyesha kuwa ulinunua pale.

Usirudi kubishana kaunta, andika. Barua pepe yafaa, barua ya Einschreiben, yaani ya rejista ya posta, ni bora zaidi. Taja siku ya kununua, eleza mashine inafanya nini, kisha andika neno hili: Nacherfüllung, kifungu cha 439 cha BGB. Maana yake watengeneze au wakubadilishie. Kuchagua ni kwako, ingawa wanaweza kukataa njia yenye gharama iliyopita kiasi. Wawekee tarehe kamili. Mimi huhesabu wiki mbili. Nauli ya kubeba mashine na ujira wa fundi ni juu yao. Tarehe ikipita hawajafanya kitu, unaweza kudai upunguziwe bei au uvunje mkataba urudishiwe pesa.

Na nakusihi, fundi wa mtaani asiifungue kabla duka halijapewa nafasi. Ukimlipa wewe mwenyewe, kuzidai pesa hizo baadaye ni vigumu mno. Ndipo nilipoangukia mimi.

Wakikukaidi, nenda Verbraucherzentrale, kituo cha kutetea wanunuzi, ya jimbo lenu la Saxony. Barua za mfano zipo bure kwenye tovuti yao. Kwa ushauri wa mtu binafsi, uliza ada kwanza.

Dada yako, Bremen

——

Shikamoo dada wa Bremen. Naongeza moja, kwa kuwa wageni wengi huku Köln wanaumia nalo. Zile siku 14 za kurudisha kitu bila kutoa sababu ni za manunuzi ya mtandaoni, ya simu, au ya muuzaji aliyekugongea mlango. Kiatu ulichokijaribu dukani ukakilipia, ukibadili mawazo kesho, duka halilazimiki kukipokea. Wengi hupokea kwa hisani tu. Mtandaoni, siku zinahesabiwa tangu mzigo ufike, na ni lazima umwambie muuzaji waziwazi kuwa unavunja mkataba. Kurudisha kifurushi kimyakimya hakutoshi.

Mdogo wenu, Köln

——

Dada, Mungu akubariki. Barua nimeituma leo asubuhi kwa Einschreiben, na taarifa ya benki nimeiambatisha. Nimewapa hadi tarehe 28. Fundi jirani alikuwa aje jioni hii, nimemzuia.

Leipzig