Risasi ya petroli ya zamani: baharini inazamaje?

FundiPlagi (Tanga)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi magari, nimekulia kwenye petroli yenye risasi, ile iliyoacha masizi ya kijivu kwenye plagi. Nimesoma kwamba moshi wake mwingi uliishia baharini kwa upepo na mvua. Hapo sina ubishi. Kinachonitatiza, wanasema risasi hiyo imeyeyuka majini, halafu hao hao wanasema inazama hadi chini kabisa. Chumvi nayo imeyeyuka, mbona haizami? Mwenye ujuzi anieleweshe, taratibu.

Ngarawa77
Risasi nzito bwana, itaachaje kuzama?

MzeeWaWinchi
Uzito hauhusiki, Ngarawa. Ikishayeyuka, hata dhahabu haizami. Mimi nilikuwa fundi wa sitaha kwenye meli za utafiti, kazi yangu kushusha na kupandisha mitego ya kukusanya chembe zinazozama.

Fundi, siri ni kunata. Kuanzia juu kunashuka uchafu usiokatika: planktoni (vijidudu na vijimea vinavyoelea majini) waliokufa, vinyesi vya vijidudu, ute, vumbi la jangwani. Risasi hunata kwenye chembe hizo, sodiamu ya chumvi hainati. Chembe ndogo peke yake karibu haizami, ila zikishikana kwa ute zinakuwa mabonge, na bonge linaweza kushuka mita 100 kwa siku au zaidi.

Usidhani risasi inateremka safari moja. Bonge humeguka au huliwa njiani, risasi inaachia, inanata kwenye chembe nyingine. Ni abiria wa daladala, anashuka kituo hiki anadandia gari lingine. Ndiyo maana hukaa majini miongo kadhaa kabla ya kufika kwenye tope la chini. Sodiamu? Makumi ya mamilioni ya miaka.

Mtego wenyewe ni faneli kubwa ya plastiki kwenye kamba yenye nanga, na chini yake duara la vichupa vinavyopokezana vyenyewe. Kichupa cha majira ya planktoni kuchanua kinapanda na tope la kijani-kahawia, linanuka kama dagaa walionyeshewa. Cha majira mengine kina vumbi la kutafuta kwa tochi.

FundiPlagi (Tanga)
Shukrani mkuu, hapo kwa daladala nimekupata. Ila meli yenyewe ni kutu na rangi, winchi imejaa grisi. Mtajuaje hamkupima risasi ya meli yenu?

MzeeWaWinchi
Swali la fundi hasa! Vipimo vingi vya zamani vilikuwa uchafu mtupu. Aliyewabana wenzake wapime kwa usafi ni mwanasayansi Clair Patterson wa Marekani, yule yule aliyepima umri wa dunia mwaka 1956, kwa risasi pia. Siku hizi chupa za kuchotea maji ya kupima ni za plastiki, zinaoshwa kwa asidi, na kamba haina chuma. Chupa inaingia majini ikiwa imefungwa, inafunguka ikishapita maji ya juu yaliyochafuliwa na meli. Ukigusa mdomo wa chupa bila glavu, utafukuzwa kwenye chumba cha vipimo hata kama ni nahodha.

Mwanamaji_Dar
Kuongezea tu: karibu na Bermuda, visiwa vya Atlantiki, risasi ya maji ya juu imeshuka sana tangu Marekani ilipoanza kuibana petroli hiyo miaka ya 1970. Bahari ya Hindi ilichelewa, kwa sababu nchi nyingi za huku ziliendelea kuichoma hadi miaka ya 2000.

FundiPlagi (Tanga)
Kumbe ile yetu bado iko njiani.