Re: Nimeitwa kufundisha Dodoma, mshahara utatosha?

> Habari zenu wanakikundi. Shule moja ya mchepuo wa Kiingereza huko Dodoma imeniita. Mshahara wao nikiugeuza kwa pesa ya Kenya ni mdogo kuliko huu wangu wa Nakuru, lakini nasikia maisha huko ni nafuu na mahindi bei ya chini. Nimewaza niwe nanunua vijijini nasafirisha nyumbani. Mlioko huko mnasemaje?

Mwalimu, karibu, ila hesabu hiyo irudie. Shilingi ya Kenya hucheza karibu na 20 za huku, na mgeni akigeuza anaona kila kitu cha bure. Utalipwa za huku, utatumia za huku. Kitakachokukausha mwanzoni ni nyumba. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, wengine mwaka mzima, kwa mkupuo, na dalali anadai ya mwezi mmoja juu yake. Tangu serikali itangaze kuhamia huku 2016, Ilazo na Kisasa hazishikiki. Mimi niko Nkuhungu, nalala na pipa tupu likisubiri maji ya mgao.

Vibali: Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, lisikudanganye. Kibali cha kazi kiombwe na mwajiri, kisha cha ukaazi Uhamiaji. Usivuke Namanga kabla hujaona nakala.

Mahindi sasa. Julai 2025 ilitoka amri ya biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi, na kununua mazao shambani imo. Faini inaanzia milioni 10. Ukitaka kuona biashara yenyewe, nenda Kibaigwa, barabara ya Morogoro: dalali anachoma bambo kwenye gunia, punje zinateremka kiganjani, anang'ata moja kusikilizia ukavu. Hapo penyewe wapo wenye leseni na malori, na bado hawana uhakika. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ikaja kufungua baada ya siku chache kwa masharti. Wewe na magunia yako ungekuwa mpakani.

Halafu hiyo bei ya chini unayoisikia ni ya mavuno. Mkulima wa Kongwa anauza kwa sababu anadaiwa, tena kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Mvua ya huku ni msimu mmoja. Ikifika Januari ghala ni tupu, anayanunua mahindi yaleyale kwa bei ya dukani. Wakenya wengi tunauita huo unafuu wa Tanzania. Na usidhani Dodoma yote ni sawa: toka Mtumba kwenye maghorofa ya wizara, ingia vijijini Chamwino au Bahi, utaona watu wanahesabu mawingu juu ya uwele. Pengo hilo linanishtua kuliko la Nakuru na Dodoma. Sisi nasi tuna Turkana yetu, sijaja kumcheka mtu.

— Wa Nkuhungu

Naongezea, mwalimu. Cheti cha kidato cha nne kinalinganishwa NECTA, baraza la mitihani la huku, digrii inatambuliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu. Anza sasa ukiwa bado Nakuru. Na kabla ya kusaini, omba shule ikukopeshe kodi ya nyumba, wakate kidogokidogo kwenye mshahara. Yangu ilikubali, wenzangu ambao hawakuuliza walijilipia.

— Wa Area D