Dawa ya ukungu: kopa (ya shaba) au mankozebu kwa vitunguu?

MamaZuu_Kisauni: Asalaam aleikum. Tuta langu la vitunguu maji na thomu limeshikwa na ukungu. Kesho naenda soko la Kongowea, na hela ni ya dawa moja tu. Nichukue kopa au mankozebu?

NdooKumi: Waaleikum salaam. Ukungu wa wapi, dada? Majani au kitako? Madoa rangi gani? Wamwagilia maji ya mfereji au kisima?

BabuBamburi: Mankozebu. Mimi situmii nyengine.

BiMwanapwani: Mankozebu ni kinga, babu, si tiba. Jani likishaoza halirudi. Mwaka jana mvua ya Mei ilipokoza, yangu yalitoka madoa ya zambarau yenye ukingo wa manjano. Kwa pupa nikatia vijiko viwili badala ya kimoja, nikapuliza adhuhuri, jua la utosi. Sabuni kidogo ya kuigandisha sikutia, na jani la kitunguu lina nta: dawa ikateleza kama maji juu ya jani la myugwa. Iliyobaki ikaoshwa na mvua usiku uo huo. Nilivuna vitunguu saizi ya ndimu, mume wangu akauliza kama ni vya achari! Sasa napanda kwa nafasi na namwagilia asubuhi, chini ya shina.

MamaZuu_Kisauni: Samahani, sikueleza. Ncha za majani zakauka. Nimeng'oa kimoja, kitako kimeoza na mizizi yabaki mchangani. Maji ni ya kisima.

NdooKumi: Ungeanza na hilo! Kitako kikioza hivyo, nashuku ukungu uitwao fuzariamu. Hukaa udongoni na hupenda joto. Kupuliza majani hakusaidii. Ng'oa vilivyooza, usivitie kwenye mboji, na hapo usipande jamii ya vitunguu miaka 4. Ncha huenda ni chumvi. Onja maji.

BabuBamburi: Miaka 4! Wenye uwanja wa mkeka mmoja wapande wapi, darini?

Mlikoni: Na thomu Mombasa ya nini? Yataka baridi ndiyo igawanye punje.

BiMwanapwani: Yangu ilitoa.

Mlikoni: Punje ngapi?

BiMwanapwani: Moja moja, mviringo kama gololi. Lakini kwenye mchuzi wa samaki hujui tofauti.

MamaZuu_Kisauni: Nimeonja, maji ni ya chumvi kweli. Sasa Kongowea niende nisiende?

BabuBamburi: Nenda, mwanangu. Na mimi niletee mbegu za mchicha.