Mjadala: Kati ya mchoma mkaa na mnunuzi, nani ajibu kwanza?

Mkazi wa Nkuhungu:
Kila tukikaa mjini hapa tunawalaani wachoma mkaa wa Chamwino kwamba wanaigeuza Dodoma jangwa, ilhali jikoni kwangu lipo gunia nililolinunua kwao juzi kando ya barabara. Wenyeji wana kosa lao, kwa kuwa wamezoea kukata miti, lakini naona sisi wanunuzi ndio tunaopaswa kuanza kujirekebisha. Mnasemaje?

Mzawa wa Mvumi:
Ndugu yangu, Mvumi yetu iko Chamwino hiyo hiyo, na hilo neno "wamezoea" limenichoma. Mama zetu waliokota kuni zilizokauka, na biashara ya magunia imeletwa na ninyi mliohamia na Serikali mwaka 2016. Leo mnatuita waharibifu!

Mwalimu mstaafu, Kondoa:
Mwanangu wa Mvumi, mkaa haukuanza mwaka 2016, maana nilipokuwa kijana mjini Dodoma tulipikia huo huo. Hata hivyo uchungu wako naufahamu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika maeneo ya Kondoa yaliyomomonyoka. Makorongo yakaota majani, lakini nyumbani kwetu watoto walikosa maziwa. Mfugaji alilipa kwa ng'ombe wake. Mnunuzi wa mkaa amelipa nini zaidi ya bei ya gunia?

Mkazi wa Nkuhungu:
Mwalimu, shikamoo. Neno lile nalifuta, na ndugu wa Mvumi naomba uniwie radhi, kwa sababu nilikuwa nakataza kuhukumu huku nikihukumu. Nitanunua mtungi wa gesi mwezi huu.

Mama lishe, Chang'ombe:
Gesi mnaitaja kwa wepesi sana. Katazo la kuni na mkaa la tarehe 31 Januari 2024 lilihusu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku. Mimi nalisha thelathini, na mtungi wa pili sina uwezo wa kuununua. Nilichoweza nimekifanya: nimenunua jiko banifu, na maharage nayaloweka usiku kucha ili yaive upesi. Msinihesabu pamoja na wanaolaumu tu.

Mzawa wa Mvumi:
Radhi nimeipokea, na mama nakupa pole kwa kazi. Ila ndugu wa Nkuhungu, mwezi ujao mwenye lori akipita mlangoni kwako na mkaa wa bei nafuu, utamjibu nini?