Kijiji kikiingizwa manispaa, nani ataidai ardhi yake mahakamani?

Mkulima, Kitomanga: Halmashauri ya Wilaya ya Lindi ilipogawanywa, kata zetu za upande wa Mchinga zilipelekwa Manispaa ya Lindi na sehemu nyingine ikawa Halmashauri ya Mtama. Halmashauri ya kijiji inaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaikabidhi ardhi iisimamie kwa niaba ya wanakijiji. Kijiji kikigeuzwa mtaa, usiokuwa na hadhi hiyo, nani atasimama mbele ya jaji?

Mkazi, Lindi mjini: Ndugu yangu, mipaka ya utawala haikuwahi kuwa ya kudumu. Mkoa wetu wenyewe ulimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971, na ibara ya 2 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa na wilaya. Aliyeona taratibu zimekiukwa alipaswa kuomba kibali cha mapitio ya mahakama, yaani mahakama ikague uhalali wa uamuzi wa serikali, ndani ya miezi 6. Wengi wanaolalamika leo wanataka lami ya mjini huku wakilipa kodi ya shamba.

Mkulima, Kitomanga: Kodi ya shamba unaijua wewe? Korosho ninayoipeleka chama cha msingi cha ushirika hutozwa ushuru wa halmashauri wa asilimia 3, na kabla ya 2017 ulikuwa asilimia 5. Tunapalilia, tunapulizia salfa, tunaokota kwa mikono yetu, kisha tunaambiwa kwamba mji unatubeba.

Mkazi, Lindi mjini: Sikusema mnabebwa. Hata hivyo, kisheria ushuru huo hulipwa na mnunuzi, wala si mkulima.

Mkulima, Kitomanga: Mnunuzi huyo anapoandika bei yake kabla ya mnada, ushuru ameshaupigia hesabu. Ninayepungukiwa ni mimi.

Mwalimu mstaafu, Mtama: Wanangu, tulieni. Mpaka wa halmashauri ni mpaka wa utawala, na kuusogeza hakuigeuzi ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi. Kifungu cha 4 cha sheria hiyo ya 1999 kina utaratibu wake wa uhawilishaji, yaani kuihamisha ardhi kutoka kundi moja kwenda jingine: kusudio hutangazwa, siku 90 hupita, na eneo lisilozidi hekta 250 huhitaji idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Anayetaka kushtaki aanze kwa kuuliza kama hatua hizo zilifuatwa katika ardhi yake. Akumbuke pia kwamba tangu marekebisho ya sheria ya 2020 anayeishtaki halmashauri hutoa kwanza notisi ya siku 90 na humuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika kesi. Gharama hiyo si ndogo kwa mtu wa kawaida.

Mkulima, Nanyamba: Shikamoo mwalimu. Nasi tulitengwa na Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, kwa hiyo nauliza la korosho: mtu mwenye nyumba huku na shamba ng'ambo ya mpaka, ushuru wake unajenga zahanati ipi?

Mkulima, Kitomanga: Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Shamba la marehemu baba limebaki upande wa Mtama, nami nauzia huko. Mwalimu, nikitaka kuhoji ushuru huo, niende kwa diwani yupi?